Tumehamia nyumba ambayo mwanangu hakuwahi kuikanyaga

Swali: Mshauri, habari za kazi. Miaka miwili iliyopita tulifiwa na mtoto wetu wa kwanza, mvulana, akiwa na miaka saba. Aliugua kwa muda mfupi tu. Miezi minne iliyopita tulihama kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na sasa hata kaburi liko mbali. Vitu vyake viko kwenye masanduku manne ambayo hatujayafungua. Nyumba hii ina chumba kimoja kidogo cha ziada. Mimi nataka kiwe chake, mume wangu anasema tumpe binti yetu wa miaka mitano, na mama mkwe anashauri tugawe kila kitu tuanze upya. Majirani wakiniuliza nina watoto wangapi nababaika. Juzi binti yangu kaniuliza, "Kaka akirudi atajuaje tumehamia huku?" Nikajifungia bafuni nikalia. Kule tulikotoka kila pembe ilikuwa na yeye, hapa hakuna kitu. Najiona kama mama aliyemwacha mtoto nyuma. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Pole kwa mwanao, na pole kwa kuhama pia, kwa sababu mzazi aliyefiwa akihama huomboleza upya, na mara nyingi huomboleza peke yake. Walio karibu naye wanaona nyumba mpya, kazi mpya na mapazia mapya, wanadhani mambo yameanza kunyooka.

Hukumwacha mtoto nyuma. Ulichokiacha ni nyumba iliyokuwa ikikukumbusha bila kuombwa. Ulikuwa ukipita mlangoni unamwona, ukigusa swichi ya taa unakumbuka alivyokuwa akiirukia kabla hajaifikia. Nyumba mpya haina habari naye. Haitakukumbusha chochote mpaka wewe mwenyewe umlete ndani. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yako: kumpa mwanao nafasi katika nyumba hii kwa kukusudia, nafasi ambayo walio hai wanaweza kuishi nayo bila kuizunguka kwa hofu. Mengine yote nitakayokuambia yanatokana na hilo.

Kwanza nizungumzie hili la "kuanza upya", maana naona limekuchoma. Kwa miaka mingi hata wataalamu walishauri kitu kinachofanana nalo. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya akili kwa njia ya mazungumzo, aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kumwondoa moyoni aliyekufa, kidogo kidogo, mpaka mfiwa awe huru kupenda tena. Kisha msiba ukamkuta mwenyewe. Binti yake Sophie alifariki Januari 1920 kwa homa ya mafua, akiwa na miaka 26. Aprili 1929, wakati Sophie angekuwa anatimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, ambaye naye alikuwa amefiwa na mwana, kwamba uchungu mkali hupungua lakini pengo la mtoto halipati wa kuliziba, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, maana hiyo ndiyo njia ya kuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Miaka michache baadaye Hilda Doolittle, mshairi wa Marekani aliyekuwa akitibiwa kwake Vienna, alimsikia akimtaja binti huyo. Freud akasema Sophie yuko hapa, akamwonyesha kidani kidogo kilichofungwa kwenye mnyororo wa saa yake. Naukumbuka mnyororo ule kila ninapozungumza na wazazi wanaohama. Kumbukumbu ya Sophie haikufungwa kwenye chumba wala ukuta. Ilikuwa kitu kidogo anachotembea nacho baba yake.

Mwaka 1996 watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman waliyaweka haya wazi kitaalamu. Klass alikuwa amekaa miaka mingi na vikundi vya wazazi waliofiwa. Waliyoyakuta ni kwamba wengi wanaoendelea vizuri na maisha hawajakata uhusiano na mtoto wao. Uhusiano umebadilika sura, lakini upo. Kwa hiyo mama mkwe akikuambia ugawe vyote, msikilize kwa heshima, maana naye amefiwa na mjukuu, na pengine hayo ndiyo aliyofundishwa. Lakini si lazima ufuate. Mwambie tu, "Mama, nimekusikia. Muda wa kugawa ukifika nitakuita tusaidiane." Wazazi waliogawa vitu haraka kwa kushinikizwa huja kuvililia. Waliongoja wanaweza kugawa wakati wowote.

Sasa hicho chumba. Nitasema ninavyoona, halafu uamuzi ni wenu. Mpeni binti yenu. Chumba alicholala mtoto kinapobaki kama alivyokiacha, kina maana yake, na wazazi wengi hukihitaji kwa muda. Hiki hakijawahi kuwa chake. Hakuna kitanda alichokilalia mle, hakuna ukuta aliouchora. Utalazimika kumtengenezea chumba mtoto ambaye hakukijua, kisha mlango utafungwa, na binti yako atakua akipita mbele ya mlango uliofungwa huku naye hana pake. Watoto wanaobaki hujifunza mapema sana nani ana nafasi nyumbani. Ila msimpe chumba hicho kikiwa na kitanda cha kaka, meza ya kaka na shuka za kaka, isipokuwa kama mwenyewe ameviomba. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wamekuwa wakiandika juu ya watoto wanaolelewa kama mbadala wa ndugu aliyekufa, na mzigo wanaoubeba. Mdoli wa kaka anaoupenda, sawa. Chumba chote cha kaka kwa jina jipya, hapana.

Mwanao mpeni nafasi mahali mnapoishi. Rafu moja sebuleni, au kipande cha ukuta wa korido, panapoonekana bila kumlazimisha mtu kutazama. Picha moja au mbili zinatosha, na ningechagua zile anazocheka au anazofanya jambo, badala ya ile kubwa iliyotumika siku ya mazishi. Halafu, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo, chagueni kitu chake kimoja ambacho kitatumika. Kikombe chake kiwe cha kuwekea kalamu mezani. Blanketi lake liwe juu ya kochi, ajifunike anayesikia baridi. Kiti chake kidogo kikae kando ya mlango, binti yako akikalie anapovaa viatu. Kitu kinachoshikwa kila siku humrudisha mtoto katika mazungumzo ya kawaida: "Nipitishie kalamu, zipo kwenye kikombe cha kaka." Jina lake linatajwa mezani bila mtu kujiandaa. Kilichofungiwa kwenye kioo hutazamwa na wageni tu, tena kwa woga. Kama kuna hatari ya kuvunjika, tumieni ambacho mtaweza kuvumilia kikivunjika, na vingine vihifadhiwe.

Hukuniambia, lakini wazazi wengi wanaohama huumia kwa ajili ya fremu ya mlango yenye alama za penseli za urefu wa mtoto. Kama nanyi mliacha kitu cha namna hiyo, bado kinapatikana. Mwombeni mwenye nyumba au wanaoishi pale sasa ruhusa ya dakika kumi. Bandikeni karatasi ndefu nyepesi juu ya alama, kuanzia sakafuni ili vipimo visipotee, mfuatishe kila mstari na tarehe yake. Pigeni na picha. Watu wengi wakielezwa sababu hawakatai. Karatasi hiyo inaweza kubandikwa kwenye fremu ya nyumba mpya, na binti yenu akapimwa pembeni yake, kwa rangi nyingine. Ikifika siku akampita kaka yake kwa urefu, mtaumia, nawaambia mapema ili isiwakute ghafla.

Kuna jambo la haraka kuliko masanduku yote manne, nalo ni simu. Sauti yake iko wapi? Kama iko kwenye simu ya zamani, kwenye ujumbe wa sauti, kwenye video fupi alizorekodi shangazi yake, zikusanyeni wiki hii. Betri hufa, simu huanguka, na programu za ujumbe hupoteza kumbukumbu mtu anapobadili namba au kifaa, jambo linalotokea sana watu wanapohama. Nakili kila kitu sehemu zaidi ya moja: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa kwa ndugu mwingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kama mnayo picha ya ultrasaundi ya ujauzito wake, ipigeni picha sasa hivi, kwa sababu karatasi ile huchapwa kwa joto na hufifia kwa mwanga na joto. Sauti hizo si lazima uzisikilize. Mtu mwingine anaweza kuzinakili, wewe ukazisikiliza ukiwa tayari, hata baada ya mwaka.

Swali la binti yako limenigusa sana, na ninadhani ndilo linalohitaji jibu kabla ya yote. Kaka yake alipofariki yeye alikuwa na miaka mitatu. Katika umri huo mtoto huona kifo kama kuondoka kunakorudika. Kuelewa kwamba ni cha kudumu huja polepole, kwa wengi kati ya miaka mitano na saba, kwa hiyo ameuliza wakati ule ule ambao akili yake inahangaika na jambo hilo. Mjibu kwa maneno ya wazi: "Kaka alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hali, hasikii maumivu. Hawezi kurudi, hata kule tulikokuwa asingerudi. Sisi ndio tumekuja naye, kwa sababu tunamkumbuka na tunampenda." Kama familia yenu ina imani kuhusu alipo sasa, iongezeni baada ya maneno hayo, isiwe badala yake. Epukeni kusema amelala au amesafiri. Mtoto aliyeambiwa kaka amesafiri, kisha akaona nyumba nzima inafungwa na kupakiwa kwenye gari, ana haki ya kuogopa safari. Atauliza tena kesho, na wiki ijayo, kwa maneno yale yale. Anarudia ili apime kama jibu bado ni lile lile.

Na ukilia mbele yake si kosa. Mwambie, "Mama analia kwa sababu amemkumbuka kaka. Si wewe uliyeniliza." Ukijifungia bafuni, yeye anabaki nje akidhani swali lake ndilo lililokuumiza, na huenda asiulize tena.

Majirani ni jambo jepesi kidogo, ingawa najua halionekani hivyo mtu anapokuuliza huku ameshika mlango. Andaa majibu mawili ukiwa umetulia, uyaseme kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Moja la watu wa kupita: "Nina binti wa miaka mitano hapa nyumbani." Ni kweli, na humkani mtu. La pili ni la wale unaoona mtaishi nao: "Nina watoto wawili. Wa kwanza alifariki, wa pili yuko nasi." Baada ya hapo usijitwishe kazi ya kumfariji aliyeuliza. Akinyamaza, mnyamazie. Lipi litumike kwa nani ni hiari yako, na unaweza kubadili kesho. Ukimtajia mtu mmoja habari kamili, mama mmoja tu unayemwona ana utulivu, na ukamruhusu kuwaambia wengine, mtaa mzima utajua bila wewe kurudia mara ishirini.

Kuhusu kaburi: kwa kuwa liko mbali, kubalianeni siku mtakazokwenda na nani ataliangalia kati ya safari na safari, ili lisiwe deni linalokukaba kila jioni. Siku ambazo hamwendi, siku yake ya kuzaliwa kwa mfano, fanyeni jambo hapa hapa mlipo, jambo dogo mnaloweza kulirudia mwaka baada ya mwaka. Kuna wazazi wa nchi nyingi ambao kila Jumapili ya pili ya Desemba huwasha mshumaa saa moja jioni, kila mmoja kwa saa za kwake, kuwakumbuka watoto waliokufa. Desturi hiyo inaendeshwa na The Compassionate Friends, umoja wa wazazi waliofiwa ulioanzia Uingereza mwaka 1969. Watu wa namna hiyo watakusaidia kwa namna ambayo mimi siwezi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi aliyefiwa huzungumza na mwenzake bila utangulizi. Ulizia kama kuna kikundi cha wazazi waliofiwa huko mlikohamia.

Kulia miaka miwili baadaye si ugonjwa. Miezi minne baada ya kuhama, ningeshangaa kama usingelia. Lakini zipo dalili ambazo hazitakiwi kungojewa. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unautambua msiba uliokwama: hamu kali ya marehemu au kumfikiria kusikokatika, pamoja na uchungu mzito, kwa zaidi ya miezi sita na kupita mipaka ya jinsi jamii ya mfiwa inavyoomboleza, kiasi cha kumzuia kuishi. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani unaweka miezi kumi na miwili kwa watu wazima. Kipimo hapo ni kama unaweza kuamka, kula, kulala, kufanya kazi, kumlea aliyebaki, na kupata walau nyakati za kupumua. Kama huwezi, mwone mnasihi au daktari, kwani kuna tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahususi kwa hali hiyo. Na kama wazo la kumfuata mwanao limekuwa mpango wa kujidhuru, mwambie mumeo leo hii, na nendeni hospitali pamoja bila kungoja miadi.

Nimalizie na mumeo na masanduku, maana kwangu ni jambo moja. Yeye anataka chumba kitumike, wewe unataka kihifadhiwe, na inawezekana mmeanza kuonana kama mmoja hana moyo na mwingine hataki kupona. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili. Kuna upande wa msiba wenyewe: kulia, kutazama picha, kumkumbuka. Na kuna upande wa maisha yanayodai: kazi, shule, nyumba, majukumu mapya. Anayebaki upande mmoja tu ndiye huzama. Kuhama ni kazi ya upande wa pili kabisa, na mumeo ndiye aliyeibeba, kwa hiyo amebaki huko. Wewe umebaki huku. Hakuna aliyempenda mtoto kuliko mwenzake. Wala usiwasikilize wanaosema ndoa za waliofiwa na watoto lazima zivunjike. Ni maneno yanayorudiwa tu, hayana ushahidi.

Usimwambie, "Lazima tufungue masanduku." Mwambie hivi: "Chumba apewe binti yetu, nimekubali. Ninakuomba kitu kimoja, Jumamosi ukae nami saa moja tufungue sanduku moja." Saa moja, na saa ikifika mnafunga hata kama hamjamaliza. Mtoto awe kwa jirani au kwa ndugu, na baada ya hapo muwe na mahali pa kwenda, hata kutembea tu. Kila kitu mnachokitoa kiwekwe kwenye moja ya mafungu matatu: cha kukaa nasi ndani ya nyumba, cha kuhifadhi, na "bado hatujui". Fungu la tatu likiwa kubwa kuliko yote, ni sawa, linarudi sandukuni. Cha kugawa kisitajwe siku hiyo.

Nguo zina mtego wake. Harufu hufika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko hisi nyingine, kwa hiyo utafungua mfuniko na kabla hujaona chochote atakuwa amekujaa. Jiandae kwa hilo, na usishtuke mumeo akiinuka akatoka. Nguo moja ambayo haijafuliwa, ile aliyoivaa mara nyingi, itieni kwenye mfuko usiopitisha hewa na msiufungue mara kwa mara. Harufu haitadumu daima, lakini itakaa zaidi. Nyingine zifueni, zikauke kabisa, zikunjwe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba na kuwekwa mahali pakavu pasipo na mwanga, si kwenye mifuko ya plastiki, maana hushika unyevu na nguo hupata ukungu.

Kwa hiyo Jumamosi hii anzeni na sanduku la vitabu na madaftari. La midoli mwiteni na binti yenu, yeye atakuwa na mengi ya kuwaambia. La nguo liacheni la mwisho.